Buti Ndani ya Gunia la Mchele

Mwezi uliopita wenzangu wa kazini waliamua kwamba mwaka huu likizo yetu tukaangalie wanyama mbugani, basi Jumamosi moja tukaenda dukani kununua vifaa. Ni duka kubwa hapa Dar es Salaam, lenye kiyoyozi na vioo kila upande. Kulikuwa na suruali zenye mifuko mpaka magotini, kofia zenye kamba za kidevuni, tochi za kuvaa kichwani. Wenzangu walikuwa wanabishana kuhusu darubini. Mimi nilichukua buti moja kwenye rafu, nikalegeza kamba zake, nikainusa.

"Hiyo ni ngozi halisi, mama," dada muuzaji aliniambia, akidhani naikagua.

Sikuwa naikagua. Nilikuwa nimesharudi Ifakara, kwenye nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, kwenye ile kona ya chumba cha Mama ambako buti za Baba zilikaa mwaka mzima bila mguu ndani yake.

Baba alifanya kazi Uchindile, kwenye mashamba ya miti. Alikuwa mtu wa msumeno. Kila mwisho wa mwezi alirudi kwa treni, na mimi nilimtambua kwa miguu kabla ya sura: buti zake zilipiga kwa, kwa, kwa kwenye njia ya kokoto iliyopita ubavuni mwa nyumba, halafu kinafuata kikohozi, halafu yeye mwenyewe na mfuko wa mkate. Kabla sijaanza shule, homa ilimshika hukohuko kazini. Mimi nilipelekwa Chita kwa Mama mdogo Leokadia, mdogo wake Mama, nikakaa huko mpaka mambo yote yakaisha. Nilipomuuliza Baba yuko wapi, Mama mdogo alisema, "Baba amesafiri." Nilipouliza wapi, alisema, "Ng'ambo ya mto."

Hakuwa amedanganya sana. Baba alizikwa kwao, upande wa Mahenge, na wakati ule kwenda huko ilikuwa lazima uvuke Kilombero kwa pantoni. Lakini mtoto akipewa maneno huyachukua kama yalivyo. Niliporudi Ifakara nilimkuta Mama amevaa nguo nyeusi na haongei. Wiki chache baadaye, mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Baba akaleta kiroba. Ndani mlikuwa na mashati mawili, wembe, na buti. Mama alizipanga buti ukutani, visigino vikigusa ukuta, vidole vikielekea mlangoni.

Nililitafakari jambo lile kwa akili yangu ya wakati ule na nikapata jibu. Buti zilimpeleka Baba kwenye safari, zikamwacha huko, zikarudi zenyewe.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, watu walianza kuchoma majani bondeni, na majivu mepesi yakawa yanatua juu ya nguo zilizoanikwa. Nilikuwa darasa la kwanza. Siku hiyo alikuja nyumbani mwanamume mrefu mwenye sauti ndogo, aliyeitwa Bwana Kasiani. Alikuwa mtu wa mambo ya wanyamapori. Alisema anaingia mbugani ng'ambo ya mto na wenzake wanne kuwahesabu sheshe, wale swala wekundu wa bondeni kwetu, na anatafuta mpishi asiyeogopa pori. Ameambiwa kwamba Mama aliwahi kupikia harusi kubwakubwa.

"Ni safari ya siku ishirini," alisema. "Kutembea ni kwingi. Nakwambia mapema, dada yangu, usije ukanilaumu."

Mama, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akiwajibu watu kwa kichwa tu, alifungua mdomo akasema, "Nitakwenda."

Mimi nilisikia neno moja tu katika mazungumzo yale yote. Safari.

Bwana Kasiani aliacha karatasi ya daftari yenye orodha ya vitu ambavyo kila mtu alitakiwa kuwa navyo. Alipoondoka, Mama alikaa chini kupeta mchele, akanipa karatasi ile. "Haya, mwanafunzi. Nisomee."

Herufi za Bwana Kasiani zilikuwa zimelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo, na zile "o" zake hakuzifunga juu. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikaanza kuunga silabi kama tulivyofundishwa.

"Ku. Fi. A. Kufia. Kufia ya jua."

"Enhe, endelea," Mama alisema. Ungo ulikuwa unapiga kelele mikononi mwake, hakunisikia.

Sikuendelea. Nilisema macho yanawasha, nikamrudishia karatasi yake. Ilikuwa imeandikwa. Bwana mwenye sauti ndogo alikuwa ameiandika kwa kalamu ya wino, mstari wa kwanza kabisa, na Mama alikuwa ameikunja na kuitia kifuani kama kitu kizuri.

Siku zilizofuata nyumba yetu iligeuka karakana. Ninyi mliokua wakati ule mnakumbuka kwamba hapakuwa na duka la kuingia na orodha na kutoka na mfuko. Kila kitu kilitafutwa, kikageuzwa, kikashonwa. Orodha ilisema nguo ziwe za rangi ya udongo, zisiwe za bluu wala nyeusi kwa sababu mbung'o wanazifuata rangi hizo. Mama alikuwa na nguo nyeusi za msiba na gauni moja la bluu la kanisani. Hakuwa na kingine zaidi ya khanga. Basi akatoa mashati mawili ya Baba, yale meupe, na shuka. Mjomba Anselmi, kaka mkubwa wa Mama na Mama mdogo, alileta magome ya mti kwenye baiskeli, Mama akayachemsha uani kwenye sufuria kubwa asubuhi mpaka adhuhuri. Harufu yake ilikuwa kama ya chai iliyosahauliwa jikoni. Mashati yakaingia meupe, yakatoka rangi ya njia ya vumbi. Yalipoanikwa kwenye kamba niliyatazama, nikajiambia Mama anafuta mashati ya Baba yasijulikane.

Chandarua tulikuwa nacho kimoja, cha kitanda tulicholala wote wawili. Mama alisema hicho kitabaki kwangu. Akateremsha pazia jepesi la sebuleni, lile lenye maua, akalishona pembe nne liwe chandarua chake. Dirisha likabaki wazi, mtu akipita nje anatuona mpaka sahani. Dumu la lita tano la mafuta ya kula alilisugua kwa mchanga na majivu hadi harufu ikaisha, kisha akalivisha kipande cha gunia na kukishona kwa nje. Ukiloweka gunia lile, maji ndani yanakuwa ya baridi hata jua likiwa kali. Akanionjesha. Yalikuwa ya baridi kweli, na mimi nikalia. Mama alidhani ni meno.

Tochi tuliinunua kwa Bi Zuhura, mwenye duka pembeni ya soko, ambaye watu wake walitoka pwani zamani. Mama alinyoosha mkono kwenye tochi moja inayong'aa kama kijiko kipya.

"Hiyo iache," Bi Zuhura alisema. "Hiyo ya kupendezesha kabati. Chukua hii ya bati, ikianguka unaipiga kofi inawaka. Na filimbi unayo?"

"Filimbi ya nini?"

"Ukipotea kwenye majani, sauti inakauka. Filimbi haikauki." Akamfungia filimbi ndani ya gazeti, akanigeukia. "Na wewe mbona umenuna, Tekla? Mama yako anakwenda kuona tembo."

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Muwe wazima."

Zikabaki buti. Orodha ilisema buti au viatu vizito, na katika nyumba yetu viatu vizito vilikuwa jozi moja tu. Kwa siku mbili Mama alizipita pale ukutani. Siku ya tatu alizitoa nje, akazipangusa vumbi, akazipaka mafuta ya nazi na masizi kidogo. Mguu wa Mama ulikuwa mdogo, akajaza sufi kwenye vidole. Mjomba alimwambia asiingie porini na kiatu ambacho mguu haujakizoea, azivae kila jioni na kutembea.

Mimi sikuambiwa. Nilikuwa ndani nachambua mboga, jua linazama, nikasikia kwenye njia ya kokoto: kwa, kwa, kwa.

Siwezi kueleza jinsi nilivyokimbia. Mboga zilimwagika, nikajigonga kwenye fremu ya mlango, nikatoka nje nikiita, "Baba! Baba!" Nikazunguka ukuta wa nyumba. Alikuwa Mama. Amevaa shati la Baba la rangi ya vumbi na buti za Baba, amesimama katikati ya njia, na aliposikia nilichoita uso wake ulibadilika. Alinyoosha mikono. Mimi nikarudi nyuma. Nilirudi ndani, nikajifunika chandarua kabla giza halijaingia, na tangu hapo sikutaka kumgusa mpaka azivue.

Juma la safari lilipofika, Mama mdogo Leokadia akateremka kwenye treni kutoka Chita na kikapu chake, aje akae na mimi. Wengine walifurahi. Mimi nilimwona anaingia uani, nikarudi ndani. Mara ya mwisho nilipoachwa na Mama mdogo, Baba hakurudi. Na yeye akazidisha. Alipoona buti zimekaa barazani tayari, alishika kiuno.

"Dada, na buti hizi? Shemeji alikwenda na buti hizihizi."

"Ndizo zilizopo," Mama alisema.

"Mjane, porini, na wanaume watano. Watu watasema."

"Waseme. Leokadia, kila kitu ndani ya nyumba hii kinaniuliza mwenyewe yuko wapi. Kijiko kinaniuliza. Nipe siku ishirini nikapumue."

Kesho yake mchana, watu wakiwa jikoni, nilichukua buti moja, ya mguu wa kushoto. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: buti ndizo zinazopeleka watu, na buti moja haiwezi kumpeleka mtu popote. Sebuleni lilikuwa limesimama gunia la mchele uliotoka kukobolewa, mdomo wake haujashonwa. Nilijua ni mchele wetu wa kula, kwa sababu mchele uliokuwa ndani ya nyumba yetu ulikuwa siku zote wetu. Nikachimba kwa mikono mpaka kwenye kiwiko, nikaizamisha buti, nikafukia, nikasawazisha juu.

Asubuhi ya safari nyumba ilipinduliwa. Mama alitafuta chini ya kitanda, kwenye banda la kuku, nyuma ya choo. Mama mdogo aliapa hajaigusa. Mjomba alisema labda mbwa. Mama akachuchumaa mbele yangu.

"Tekla, umeiona buti?"

"Hapana."

Nafikiri alijua. Lakini honi ya gari la Bwana Kasiani ilikuwa imeshalia nje. Aliinuka, akavaa katambuga zake za matairi, akajifunga kofia ya ukili, na kusema, "Basi nitakwenda hivihivi."

Sikutegemea hilo. Nilikimbilia nyuma ya choo nikajificha huko, nikaziba masikio. Mama aliniita aniage. Aliita mara tatu. Sikutoka. Nilisikia mlango wa Landrova unafungwa, injini ikanguruma, ikapotea upande wa sokoni.

Nilipoingia sebuleni gunia halikuwepo. Sakafuni palikuwa na duara safi mahali liliposimama na punje chache za mchele.

"Mama mdogo, mchele uko wapi?"

"Mchele wa safari? Umepakiwa. Mjomba wako ameushona asubuhi."

Buti ya kushoto ilikuwa imeondoka na Mama. Ya kulia ilibaki barazani, haina kazi. Na Mjomba, aliyekuwa anafunga mnyororo wa baiskeli yake, alikuwa akimwambia Mama mdogo kwa sauti ya wasiwasi, "Kule majani yamechomwa, yale mashina yamebaki kama misumari. Halafu kuna nyoka. Katambuga si viatu vya kule."

Ndipo nikalia kwa sauti, na maneno yote yakatoka kwa fujo: buti, mchele, karatasi iliyoandikwa kufia, Mama anakwenda ng'ambo ya mto aliko Baba na atabaki huko, na viatu vitarudi kwenye kiroba. Mama mdogo aliweka mkono mdomoni. Alibaki hivyo, akinitazama, kama aliyekuwa anasikia maneno yake mwenyewe yakisemwa na mtu mwingine.

"Mungu wangu," alisema. "Anselmi! Mpakie huyu mtoto. Kimbia, hawajavuka bado."

Nilikaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, buti ya kulia nimeikumbatia kifuani, mkono mmoja umeshika mkanda wa Mjomba. Kutoka kwetu mpaka kivukoni ni mwendo, na barabara ilikuwa vumbi tupu. Njia nzima nilisikia pumzi za Mjomba. Tulipofika juu ya mteremko wa mto, niliona magari matatu kwenye foleni, na Landrova ilikuwa ya pili. Pantoni ilikuwa ng'ambo bado, ndogo kama sahani.

Mama alikuwa amesimama ukingoni, ametugeuzia mgongo. Aliponiona, alitukimbilia.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, dada," Mjomba alisema akihema. "Huyu ana maneno yake."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yale njiani, lakini yalikuja matatu tu. Nilimnyooshea buti nikasema, "Nyingine kwenye mchele."

"Mchele gani?"

Nikaonyesha Landrova. Gunia lilikuwa chini kabisa, juu yake mahema, masanduku, madumu, na begi jipya la dada mmoja mzungu aliyejiunga nao baadaye ajifunze habari za sheshe. Wanaume walitazamana. Nilisubiri kupigiwa kelele. Bwana Kasiani alitazama mto, akatazama gunia, akanitazama mimi.

"Pantoni bado iko ng'ambo," alisema kwa sauti yake ndogo. "Shusheni."

Wakashusha kila kitu mchangani. Mjomba akakata uzi wa gunia. Mama alipandisha mkono wa shati, akauzamisha mchele mpaka begani, akapapasa, uso ameuelekeza juu kama daktari, kisha akavuta. Buti ikatoka imejaa mchele mpaka mdomoni. Akaiinamisha juu ya gunia, mchele ukamiminika kwa sauti nzuri, na Mama akaanza kucheka. Kwanza mabega, kisha mwili mzima, mpaka akakaa chini. Nilikuwa nimesahau jinsi Mama anavyocheka. Watu wa magari mengine walikuja kutazama, wakacheka bila kujua kwa nini.

Alipomaliza alijifuta macho, akanivuta karibu. "Sasa niambie. Kwa nini?"

"Karatasi imesema kufia."

Aliitoa kifuani, akaikunjua juu ya goti. "Wapi?"

Nikaweka kidole. Aliangalia, akaangalia tena, na safari hii hakucheka.

"Hii ni 'o', mama. Mwandishi amesahau kuifunga. Ko. Kofia. Kofia ya jua. Ndiyo hii." Akaivua kichwani akanivisha, ikaniziba macho. Nikiwa humo gizani, ndani ya harufu ya ukili na nywele zake, nikasikia sauti yake.

"Tekla, Baba yako hakusafiri. Alikufa. Homa ilimuua, tukamzika kwao. Ilikuwa nikwambie mimi mwenyewe, nikashindwa, na nilivyoshindwa nikakuacha na mzigo usio wako. Mimi sifi. Mimi nakwenda kupika wali. Siku ishirini, halafu narudi. Umenisikia?"

"Ndiyo."

"Na nikirudi tutavuka wote wawili, nikakuonyeshe alipolala."

Alivaa buti mbele yangu, ya kushoto kisha ya kulia, akafunga kamba mara mbili. Katambuga akanipa mimi nizirudishe nyumbani. Pantoni ilipofika, Landrova iliteremka polepole juu yake, na Mama alisimama kwenye ukingo wa chuma akinipungia mkono mpaka nisiweze tena kutofautisha mkono na mwili. Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa. Nilimwona akifika upande wa pili na kushuka. Mtu aliyekuwa ng'ambo alionekana vilevile kama alivyokuwa huku, ila mdogo zaidi. Hilo lilinituliza kuliko maneno yote.

Siku ya ishirini haikumleta. Wala ya ishirini na moja. Mama mdogo alipika chakula kizuri mno siku hizo mbili, nami nilijua maana yake: naye alikuwa na hofu. Siku ya ishirini na mbili, saa kumi jioni, honi ikalia nje, na Mama akaruka kutoka juu ya mizigo akiwa tayari anaongea. Gari lilizama kwenye tope la kijito, walilisukuma siku nzima, nyati wakiwatazama. Alikuwa amekonda na ameungua na jua, mikono imechanika, na hakunyamaza mpaka chakula kikapoa. Chandarua chake cha maua kilichekwa na kambi nzima, lakini yeye alilala. Dumu la gunia ndilo lililoombwa maji na kila mtu. Begi jipya la yule dada mzungu lilikuwa la bluu, mbung'o walilifunika kama chawa, hadi Mama akalivisha shuka la magome. Na buti mpya za dada huyo zilimchubua miguu siku ya pili, ikabidi Mama atoe sufi yake nusu.

"Na wewe ukabaki na nini?" Mama mdogo aliuliza.

"Mguu wangu ulikuwa umeshazoea," Mama alisema.

Jumapili iliyofuata tulivuka mto, mimi na yeye. Nilikaa karibu na kaburi la Baba muda mrefu nikichomoa majani. Sikuogopa. Nilikuwa na maswali mengi na Mama aliyajibu yote, hata yale ambayo sasa najua yalimwuma. Jioni tulilala kwa bibi, mama yake Baba, na nikasikia kwa mara ya kwanza hadithi za utoto wa baba yangu, ambazo kabla ya hapo hakuna aliyethubutu kuzisema mbele yangu.

Bwana Kasiani alimrudia Mama mwaka uliofuata, na mwaka ule mwingine. Taratibu watu wengine waliokuwa wakiingia bondeni, wa kuhesabu ndege, wa kupima mto, wageni waliotaka kuwaona tembo tu, walianza kuelekezwa barazani kwetu kabla ya kuvuka. Mama aliwafanya wamwage mabegi yao mkekani. Alitenga cha bluu upande mmoja na cheusi upande mwingine, akauliza maji watabeba kwenye nini. Mwenye buti mpya alimwambia avae atembee mpaka sokoni na kurudi. Wengine walinuna, lakini walikwenda. Nguo nyeusi za msiba hakuzivaa tena. Alizichana akatengenezea vitambaa vya kushikia sufuria.

Nilipofika darasa la tatu, shule ilipofungwa mwezi wa sita, Mama alinipeleka kwenye rundo la mitumba akasema, "Chagua viatu."

"Vya nini?"

"Vya kwenda na mimi. Bwana Kasiani amekubali."

Nilichagua vyekundu, vyenye kifungo cha kung'aa. Nilitegemea anikataze. Alisema tu, "Vizuri. Vivae, nenda mpaka kivukoni na Mjomba, mrudi kwa miguu." Nilirudi nikiwa nimevishika mkononi, visigino vinatoka damu. Mama alipaka mafuta, na kesho yake tukarudi kwenye rundo lilelile. Safari hii nilichagua polepole. Nilikunja soli, nikaingiza mkono ndani kutafuta mshono unaokwaruza, nikavaa jozi sita. Nilivyovichukua vilikuwa vya kahawia, vya mtoto wa kiume, vibaya sana kuangalia.

Asubuhi ya kwanza mbugani Mama aliniamsha jua linachomoza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani machanga yaliyoota baada ya moto, na miguu yangu ilikuwa imelowa umande lakini haikuuma popote. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha ukungu ukaanza kuinuka, na mahali nilipodhani ni vichuguu vyekundu, kichuguu kimoja kikageuza shingo. Kisha kingine. Walikuwa sheshe, wamesimama mpaka mwisho wa macho, masikio yote yametuelekea.

"Mama," nilinong'ona, "wako wangapi?"

Alinipa kalamu yake na kipande cha karatasi.

"Hesabu."

Nikaanza na wa karibu kabisa. Nilifika arobaini na mmoja, kundi likachanganyika, nikapoteza. Mama hakuniharakisha. Nikavuta pumzi, nikaanza upya na yule wa kwanza.